Cheti cha Dakika Kumi

Wiki jana nilikuwa katika ofisi moja ya serikali mjini Thika, nikifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Mbele yangu alisimama mama mzee kutoka Gatuanyaga, viatu vimejaa vumbi, aliyekuja kuandikisha kifo cha mumewe. Alikuwa amebeba thamosi ya chai na viazi vitamu, kwa sababu jirani alimwambia atashinda hapo.

“Shosho, hospitali ilishatuma kila kitu kwa kompyuta,” karani akamwambia. “Cheti kinatoka sasa hivi.”

Mama hakuonekana kufurahi. Aliinama, akaikodolea macho skrini ya kompyuta. “Hiyo mashine inajua alikufa saa ngapi?”

“Saa saba mchana.”

“Alikuwa na nani?”

Karani akashusha ukurasa, kisha akaupandisha. “Hiyo haiandikwi, shosho.”

“Mimi nilikuwa nimeenda nyumbani kulisha ng'ombe,” mama akasema polepole.

Karani alimtazama, akachukua simu yake, akapiga wodini. Aliuliza huyu, akamngoja yule, mpaka akampata muuguzi wa siku ile. Akampa mama simu. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Huyu muuguzi alikuwa naye,” akatuambia sisi tulio kwenye foleni. “Mzee alimkataza asiniite, ati nitachoka na safari.” Akacheka huku akilia. “Huyo ni yeye kabisa.”

Cheti kilichukua dakika kumi, simu ikachukua ishirini. Sikusikia hata mmoja akilalamika, na sisi watu wa Thika tunajua kulalamika kwenye foleni.