Chai ya Juu ya Jerusa

Kipkoech alipofariki, alimwachia mkewe Jerusa shamba la majani chai karibu na Sigowet. Chai ya sehemu ya juu waliipanda pamoja walipooana, na Jerusa hakuruhusu kibarua yeyote aiguse.

Binti yao, Rodah, alisomea kompyuta Kericho. Akapata kazi ya kampuni ya ng'ambo, kusikiliza rekodi za sauti na kuziandika. Lakini netiweki ya kwao ilikuwa ikipotea kila anapotuma, hata kampuni ikachoka, ikampa mtu mwingine kazi hiyo. Rodah akaenda Nakuru kuuza mitumba. Wenzake wengi walikuwa wameshaondoka.

Kisha wakaja watu wa kuchimba mtaro wa kebo ya intaneti, kuelekea sokoni. Karibu na kwa Jerusa wakagonga mwamba. Msimamizi wao, Okeyo, mtu wa upande wa ziwa, alimwendea akiwa amevua kofia.

"Mama, njia iliyobaki inapita kwa chai yako ya juu."

"Hiyo nilipanda na marehemu."

"Nimeambiwa. Ukikataa hatutakulazimisha. Tutarudi tu tulikotoka, na Sigowet itangoja."

"Mpaka lini?"

"Kusema kweli, mama, sijui."

Jerusa aliomba apewe siku moja. Kesho yake walimkuta shambani na jembe, aking'oa mwenyewe. Mizizi ilikuwa minene, imeshika udongo.

"Wacha vijana wakusaidie," Okeyo akasema.

"Hapana. Hii wacha nitoe mimi."

Wakasimama kando mpaka alipomaliza.

Kebo ilifika sokoni. Chama cha wakulima kikafungua ofisi ya intaneti katika ghala lao la zamani, na Rodah akarudi. Siku hizi yeye na wenzake wanafanyia kazi makampuni ya mbali huku wakilala makwao, na pesa zao zinazunguka papo hapo sokoni.

Si wote waliopata kazi. Jirani wa Jerusa, Nyabate, aliyepoteza kibarua mashine za kuchuma zilipoletwa, alimuuliza siku moja, "Na sisi ambao hatukusoma, Jerusa?"

Juu ya kebo hairuhusiwi kupanda kitu. Rodah aliwahi kumuuliza mamake kama anajuta.

"Nikipita hapo naumia," Jerusa akajibu. "Lakini baba yako angetaka ukae nyumbani."