Sufuria ya Vyuma Vyetu Wenyewe

Mjukuu wangu Wande alikuja majuzi kutoka Lagangabilili, tumbo likiwa limemtangulia, akakaa kwenye kigoda changu na kuniomba sufuria. Si sufuria yoyote. Aliitaka ile nzito ya masikio mawili, inayokaa kifudifudi nyuma ya mafiga.

"Bibi, hizi za dukani ni karatasi," akasema. "Unasonga ugali miezi miwili, tako limeshatoboka. Hiyo yako imenizidi umri na wala haijapinda."

Kweli, haijapinda. Nilimwambia anywe maji kwanza, apumzike, tutaongea. Nilikuwa natafuta muda. Na wewe unayenisoma, vuta kigoda, maana neno hili mpaka siku ile nilikuwa sijalisema kwa mtu, na bado linanichosha kulibeba.

Nilikulia Bukundi kwa bibi yangu mzaa mama, na pale chuma kilikuwa jembe na kisu, basi. Maziwa yalikaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mlenda ulikuwa na chungu chake, nyama chake, uji chake. Bibi hakununua chungu kwa macho. Alikigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Kikilia vizuri alikijaza maji akakiacha mpaka kesho yake, halafu akachemsha ndani yake uji mwepesi wa mtama ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuonja. Ule ulikuwa wa chungu chenyewe, uzibe vitundu. Sisi watoto tuliutazama ukimwagwa tukanung'unika. Harufu ile ya mtama na udongo uliopata moto ninayo puani mpaka leo. Vilivunjika, ndiyo. Kila msimu kilikwenda kimoja, na aliyekivunja alisemwa mpaka siku anaolewa.

Nilipoolewa Mwamapalala, wifi zangu walinibebea vyungu vitatu. Sufuria wakati ule ilikuwa kitu cha kibali. Duka la kijiji lilileta chache, zikaishia kwa wenye majina. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Mnadani pakajaa mitumba, sabuni za rangi rangi, redio, na pembeni kabisa, karibu na wachuna ng'ombe, akaja fundi wa kusubu sufuria, anayeyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Alichimba tanuru lake akatangaza: leteni vyuma vyeupe chakavu, sahani na mabakuli ya alumini, mwondoke na sufuria. Ukileta uzito wa mbili, anakusubia moja.

Kitongoji chetu tulizitaka sana. Ila tuliogopa vyuma vya watu. Nani ajue sahani ile ilitoka kwenye msiba gani, au kwenye nyumba ya mtu aliyerogwa? Jirani yangu Mbuke, mke wa Jilala, ndiye aliyetusemea.

"Fundi, vyetu visiguse vya wengine. Utavisubu peke yavyo, sisi tukiangalia."

"Mayu, mama yangu, unadhani mimi nitakuroga?"

"Wewe huwezi kuroga hata kuku. Ila hao waliokuletea vyuma siwajui."

Watu wakacheka, fundi mwenyewe akacheka, akakubali. Tukaona tumejilinda.

Tatizo, vyetu havikutosha. Sasa nikwambie jambo la sisi wakulima wa pamba. Mizani ya wanunuzi ilikuwa inatuonea, nasi tulishajifunza kulipiza: tuliinyunyizia pamba maji, tukachanganya na mchanga kidogo. Hakuna aliyeona haya. Ilikuwa kazi ya kawaida kama kupalilia. Kwa hiyo vyuma vilipopungua, akili ilikwenda huko huko. Kando ya ghala la pamba palikuwa na lori bovu lililolala miaka kwenye mawe. Mimi na Mbuke tulichomoa betri yake, tukaivunja kwa jembe, tukatoa vile vibamba vya ndani. Vizito, wewe! Tulivifungia ndani ya mabakuli yaliyopondwa visionekane.

Fundi alipoinua kikapu alishtuka. "Vyuma vyenu vizito kama ng'ombe wa mahari."

"Vimetoka kwa watu wazito," Mbuke akamjibu.

Akavimwaga vyote motoni bila kuvichambua. Mbuke akapata sufuria yake, mimi yangu. Tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima kwamba tumempiga fundi.

Iling'aa ile sufuria. Niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka najiona uso. Vyungu nikavitoa nje, kuku wakatagia humo. Kila jioni nilipika uji wa mtama wa ukwaju, ule mchachu tunaouita uji wa bushishi, nikauacha humo humo mpaka asubuhi. Uliamka na rangi ya majivu kidogo. Nikasema labda ni mtama.

Kitinda mimba wangu, Holo, alikuwa ndiyo ameachishwa ziwa. Alikuwa na maneno yule mtoto, akitania mpaka wazee. Taratibu akaanza kuukimbia uji. Anashika tumbo, analia, anajificha nyuma ya zizi. Niliona ni jeuri. Nilimshika nikamnywesha, na akikataa nilimchapa. Alipoanza shule, mwalimu wake aliniita mara mbili, mara ya tatu akanyoosha mikono tu. Herufi alizosoma jana, leo hazipo. Mganga akasema babu anadai. Tukachinja mbuzi, na mbuzi yule nilimpika kwenye sufuria ile ile.

Mbuke alihama na mumewe upande wa Geita, sufuria kichwani. Sikusikia habari zake tena, wala za wanawe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nachambua maharage, daktari mmoja redioni akasema yale madini ya kwenye betri yakiingia kwenye chombo cha kupikia hutoka kidogo kidogo na chakula, hasa kichachu, na humharibu mtoto akili, hata aliye tumboni. Maharage yalinimwagika. Tangu siku hiyo sijapika humo. Sijui kwa hakika, hakuna aliyempima Holo. Lakini najua nilichokitia.

Utaniuliza kwa nini sikuitupa. Kila wiki wanapita na baiskeli wakiita chuma chakavu. Nikiwapa, itayeyushwa iwe sufuria ya mtoto wa mtu mwingine. Basi ikakaa.

Hayo yote nilimweleza Wande. Akaweka mkono juu ya tumbo.

"Shangazi Holo anajua?"

"Hajui."

"Mwambie, bibi. Mimi sitaweza kumtazama usoni."

Holo sasa ni mtu mzima. Tunaishi wawili. Anachota maji, anakata kuni, anaongea na mbuzi, na dukani hunitegemea mimi kumhesabia. Jioni ile nilimwomba achimbe shimo nyuma ya nyumba, mbali na kisima. Alipoiona sufuria mkononi mwangu akasema bado nzima, mbona naizika.

"Holo," nikasema, "nadhani hii ndiyo iliyokuumiza ulipokuwa mdogo. Mimi nilitia kitu kibaya ndani yake kabla haijasubiwa. Sikujua."

Akapiga jembe mara mbili tatu.

"Nilikuwa nakwambia tumbo linauma," akasema. "Ukanichapa."

"Ndiyo, mwanangu."

Akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua shamba lililoliwa na ng'ombe. Kisha akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga.

Wande aliondoka mikono mitupu. Nilitamani kumpa chungu, lakini wafinyanzi wa Bukundi niliowajua, Ng'washi, Sado, Kang'wa na dada yake Limi, wote tumewazika, na mabinti zao wanauza maandazi stendi. Udongo upo pale pale bondeni. Mikono ndiyo haipo. Nimemwambia anunue ya dukani, nyepesi hivyo hivyo, ya kusubu asiiguse, na uji wa ukwaju asiulaze ndani ya sufuria yoyote. Ikitoboka anunue nyingine. Ni ushauri mdogo kwa maisha marefu kama yangu, lakini ndio nilio nao.

Holo hajalisema tena jambo lile. Ila tangu siku ile, kila asubuhi akiniletea uji, anasimama mbele yangu, anaonja yeye kwanza, anangoja kidogo, ndipo ananipa.