Mkaguzi na Bunduki ya Mshale

Mkaguzi wa uvuvi wa bandari yetu, kaskazini mwa mji wa Pafo, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini mno, hata mtu hulazimika kumwinamia ili amsikie. Huchuchumaa kando ya mvuvi, akaulizia samaki kwanza, leseni baadaye. Vidole vyake vimechanwachanwa na miiba ya mapezi, maana kila samaki humpima mwenyewe, na aliye mdogo humrudisha baharini taratibu, kama anayelaza mtoto.

Jumapili iliyopita Loizos, mvuvi wa hapa bandarini, alitoka majini na samaki chewa mchanga kiunoni, bunduki yake ya mshale ikiwa bado imetegwa. Leseni hana, mama huyuhuyu alimnyang'anya mwaka jana.

"Serikali imeishiwa wanaume?" akafoka, na ncha ya mshale ikaelekea tumboni mwa mkaguzi.

Mkaguzi hakurudi nyuma.

"Kaka Loizos, toa mshale kwanza. Watoto wanaogelea hapa. Ugomvi wetu upo tu, hauendi popote."

Loizos akageukia upande usio na watu, akaufyatua mshale majini, akaiweka bunduki chini. Mkaguzi akamwandikia faini, akamchukua yule chewa, akamtakia Jumapili njema. Halafu akanijia mimi nilipokuwa nikikunja mshipi wangu wa kuvulia, akanitia funguo za gari la idara mkononi.

"Endesha wewe, Savvas," akaninong'oneza. "Miguu imenigomea."