Siku ya Kuhesabu Darasa la Kemia

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye mteremko wa Kadutu, pale ilipokuwa shule ya sekondari ya mtaa wetu, nikakuta chumba cha kemia kimejaa mifuko ya simenti. Kijana wa dukani akaniuliza nataka mifuko mingapi. Nilimwambia sitaki hata mmoja, halafu nikabaki nimesimama, kama mtu aliyesahau alikotumwa. Tangu siku hiyo situlii, rafiki yangu. Naanza kuosha vyombo naviacha, nafungua redio naifunga. Basi ngoja nikusimulie, labda nitapumua.

Nyumba ya bibi yangu ilipakana na uwanja wa shule hiyo. Asubuhi tulipanda na bidoni za maji kutoka kwenye chemchemi, matope ya Bukavu yakituvua ndara, na tukifika juu tunasikia jante, ile rimu ya gurudumu la gari, likigongwa kwa chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya shule. Jioni bibi alikaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na harufu yake ilimleta mwalimu wa kemia mlangoni bila kualikwa. Alisingizia kwamba amekuja kuomba majivu. Kusema haki, majivu aliyahitaji kweli. Maabara haikuwapo, kwa hiyo chupa na mirija alivichora ubaoni kwa chaki, na somo lenyewe alilifanya kwa majivu ya bibi, ndimu, na maji ya maua mekundu ya uani. Akitia ndimu, maji yanazidi wekundu. Akitia majivu, yanageuka kijani. Wanafunzi walishangilia kila mara, ingawa walishajua kitakachotokea.

Mwalimu huyo alikuwa na miaka sita kazini bila mshahara wa Leta, ndivyo tunavyoiita serikali. Waliomlipa ni wazazi, wale walioweza. Alichokuwa akingoja ni namba: ukipewa namba, jina lako linaingia kwenye orodha ya Kinshasa na mshahara unaanza kuja. Lakini Leta haikutoa namba kwa mwalimu wa darasa lisilotimiza idadi ya wanafunzi, na darasa lake lilipungua kila muhula. Mzazi akishindwa kulipa, mtoto alirudishwa nyumbani. Wengine walikuwa wameshafuata dhahabu huko Luhwindja. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," bibi alikuwa akimwambia, huku akimwongezea bugali.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba mtu wa Leta atakuja kuhesabu. Prefe, yaani mkuu wa shule, akafanya kama walivyofanya wakuu wengi: akaazima watoto. Alikwenda shule ya msingi ya jirani akatuchagua sisi warefu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilivalishwa blauzi nyeupe ya dada yangu na sketi yake ya bluu, imebanwa kiunoni kwa pini iliyonichoma kila nilipovuta pumzi. Kila mmoja wetu akapewa kikaratasi chenye jina la mwanafunzi aliyeondoka.

"Mukae kimya," prefe alituambia. "Mwenye atawauliza, mumupe jina ya kwenye karatasi. Ni ile tu."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, anaangalia viatu vyake.

Mhesabuji alikuwa muzee mpole mwenye miwani. Alihesabu kwa kalamu hewani, akaandika, akatikisa kichwa kukubali. Idadi imetimia. Nilimwona mwalimu akishusha mabega. Muzee alikuwa anafunga daftari lake aliponitazama akatabasamu, vile watu wazima wanavyotabasamu kwa watoto.

"Na weye, maman mudogo, unaitwa nani?"

Shuleni kwetu tulifundishwa hivi: ukiulizwa jina, unasimama, mikono nyuma, unataja jina lako lote na darasa lako. Nikasimama. Mikono nyuma. Nikataja jina langu mwenyewe, lote, kisha nikamalizia kwa sauti safi kabisa kwamba nasoma darasa la sita la shule ya msingi.

Hakuna aliyecheka. Muzee alifungua tena daftari, akakata mstari aliouandika, akaanza kuwauliza wengine mmoja mmoja.

Jioni nilijificha nyuma ya jiko nikingoja fimbo. Mwalimu alikuja, na safari hii hakutaja majivu. Nilimsikia akimwambia bibi, "Maman, musimupige. Mutoto alisema jina yake. Kosa iko ya sisi wakubwa." Bibi akamwekea sahani ya sambaza. Akasema ameshiba. Hakuwahi kushiba nyumbani kwetu mtu yule, na maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo ambayo sikupigwa.

Muhula ulipokwisha alihama bila namba, na hakuna aliyejua amekwenda wapi. Nilipofika sekondari kemia haikuwapo tena, nikasomea ualimu. Kuna siku namlaumu prefe, siku nyingine Leta, na siku nyingine namlaumu yule mtoto mwenye sauti safi. Bibi alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Hakuwahi kuniambia njia ya msema kweli inamfikisha nani wapi, na sasa amelala chini ya udongo, siwezi kumuuliza.

Sijakuambia kazi yangu. Niko kwenye ofisi moja ya elimu huko Ibanda, na kila mwaka nami natumwa kuhesabu. Jumatano hii nilikuwa Nyangezi, kwenye darasa la fizikia la mwalimu kijana ambaye bado hana namba. Nilipofika benchi la nyuma nikaona wasichana watano ambao miguu yao haigusi sakafu. Mmoja alikuwa anachezesha midomo bila sauti, anarudia jina.

Niliwahesabu wote. Nikaandika idadi, nikaweka sahihi, nikafunga daftari, nikatoka haraka bila kumuuliza mtu yeyote anaitwa nani.