Mchawi Asiye na Mwiko

Biashara zilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kuonekana tena madukani, kaka yangu alirudi nyumbani Guta na televisheni, deki ya video na jenereta. Akafungua banda la video katika stoo ambayo zamani baba alikuwa akiweka pamba. Mimi nilikuwa mwalimu Bunda mjini. Kila Jumamosi nilipokwenda kumwona baba, nilimkuta bandani, benchi la mbele, akiangalia tamthilia ya Kizungu yenye mfalme, mapanga na mchawi. Kaka alisimama pembeni akitafsiri kwa sauti.

Sijawahi kuona upuuzi kama ule. Ufalme mzima haukuwa na shamba hata moja! Sisi tulikuwa tumetoka juzi tu kwenye foleni za sukari na nguo za viraka, tulijua chakula hakishuki mbinguni. Kwa yule mfalme ilikuwa karamu kila siku, mbwa wanatupiwa minofu, na jembe hulioni. Jeshi lake lilivuka jangwa bila kubeba hata gunia la unga.

Mchawi ndiye aliyenichosha kabisa. Leo hawezi lolote bila fimbo yake. Kesho fimbo imevunjika, anarusha moto kwa kidole. Kila mtunzi alipokwama, mchawi alipata uwezo mpya.

"Hata waganga wetu wana miiko," nilimwambia kaka. "Huyu hachoki, hatoi kafara, hazuiwi na chochote."

"Mwalimu, hapa siyo darasani. Waache watu waangalie."

Banda zima likacheka, baba naye akacheka. Alimpenda yule mchawi, na hilo liliniudhi.

Jumamosi moja mke wa mchawi alichomwa mshale. Mchawi akapiga magoti, akamkumbatia, akalia. Kaka akatafsiri kwa sauti ya msibani: "Kifo hakina dawa." Watu wakaguna kwa huruma.

Baba akasimama. "Zima."

"Baba, bado inaendelea."

"Juzi alimfufua farasi. Aliweka mkono tu, farasi akasimama. Leo mke wake anamlilia tu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Guta yote ilijua mama alivyofariki katika miaka ile ya shida, hospitali ina vitanda na manesi lakini haina dawa. Baba alipanda baiskeli hadi Musoma, akarudi kwa kupitia Butiama, akiulizia sindano kila zahanati. Hakupata.

"Mimi nilikuwaga sina dawa," alisema. "Huyu anayo."

Akatoka. Nilimfuata hadi nyumbani, nikaanza kumwonyesha makosa mengine ya ile hadithi, nikidhani namfariji.

"Nyamaza, mwanangu," alisema.

Baadaye kaka alikuja, akachuchumaa mbele yake. "Baba, ile ni sinema tu."

"Najua ni sinema. Ndiyo maana angeweza."

Mimi, niliyejiona hakimu wa hadithi, nilikuwa nimeisema vibaya ile tamthilia kwa miezi bila kulifikia neno hilo.

Kaka hakuionyesha tena. Kanda zote alimpa rafiki yake mwenye banda Bweri, akaanza kuleta kanda za mpira. Nasikia kule Bweri waliipenda sana. Siwashangai. Kuna watu wanakula hata dagaa wenye mchanga, na wanaomba waongezewe.