Paswadi Niliyoipigia Kelele Thika

Hii aibu nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa tuko sisi kwa sisi, chekeni tu mmalize. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katibu wa klabu yetu ya salamu pale Ruiru, wale watu wa kutuma kadi redioni watajwe kwa majina ya utani, na daftari langu ndilo lililokuwa na jina la utani, jina la kweli, kazi na sanduku la posta la kila mmoja. Mwalimu Halima wa Mwiki, mama ambaye akikohoa tu darasa zima linanyamaza, redioni aliitwa Mtoto wa Raha. Alijiunga kwa sharti moja: "Wanjiru, hilo jina likifika shule, nimekwisha." Nikaapa (na nilimpenda sana, ndiye aliyenifundisha kuandika kadi).

Basi mvua ikalowesha daftari, nami nikajiona mjanja, nikaenda saiba mpya ya Thika, duka la kukodisha kompyuta zenye intaneti, nikafungua barua pepe ya klabu, nikaiweka orodha nzima humo ikae salama. Wiki iliyofuata nikashindwa kuifungua, nikamwita mhudumu, naye kutoka kule kaunta akauliza, "Madam, paswadi yako ni gani?" na mimi, badala ya kumfuata, nikasimama nikamtajia anwani ya klabu na paswadi yake, herufi moja moja, kwa sauti ya kwaya, foleni nzima ikisikiliza (kuna mmoja alikuwa hata anaandika, nikadhani anaandika yake!).

Jumatatu orodha yetu ilikuwa imebandikwa kwa kioski mkabala na geti la shule ya Mwalimu Halima, naye alipoingia darasani watoto wakasimama wote: "Good morning, Mtoto wa Raha!"

Nilifika kwake jioni na sukari kilo mbili, nalia kabla hajafungua.

"Haiya, Wanjiru, ingia ndani, usinililie mlangoni majirani wakapata ya kuongeza."

Akanimiminia chai, akanisimulia vile watoto walivyoimba, akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akasema polepole, "Watoto watasahau. Lakini nilikuwa na mahali pamoja tu pa kuwa mjinga."

Tangu hapo paswadi simtajii mtu, hata mume wangu akiuliza namwambia aombe kitu kingine. Mwalimu Halima alinisamehe na chai bado tunakunywa. Ila Jumapili iliyofuata aibu ile mtangazaji alisoma kadi yake, "Mwalimu Halima Juma, Mwiki," kavu vile, kama tangazo la kifo, na Mtoto wa Raha sijamsikia tena.