Mkono wa Koti la Baba

Kwetu, baba akifa kabla binti hajaolewa, koti lake linavalishwa kiti. Siku ya kupokea wakwe, mdogo wake marehemu anashika mkono wa koti na kuuweka kiganjani mwa bwana harusi. Hapo ndipo binti ametolewa. Bila mkono ule, hata ukizaa kumi, umeibiwa tu.

Mimi nilikuwa nimeshazaa mmoja. Baba wa mtoto ni Mzulu, mwenyeji wa nchi hii tuliyohamia, fundi wa matairi hapa Jules Street, jirani na saluni ninayosuka. Na baba yangu alisema kabla ya kukata roho: "Aolewe na mtu wa kwetu." Alisema, sikatai. Ila mimi ndiye niliyemlisha uji hadi siku ya mwisho, na hakuniambia mimi. Alimwambia mdogo wake.

Jumamosi ile sebule yetu ya Malvern ilijaa watu wa kanisa. Koti la kijivu limekaa kitini, vifungo vyote vimefungwa. Mwanaume wangu akaingia na wajomba zake, akapiga magoti mbele ya koti, akatamka maneno niliyomfundisha wiki nzima: "Baba, naomba binti yako."

"Koti halisikii Kizulu," baba mdogo akasema. Watu wakacheka.

"Amesema Kiswahili," nikajibu kutoka jikoni, mtoto mgongoni.

"Weye! Uko unaongea na nani?"

"Na wewe. Koti halina masikio, wewe unayo."

Akanifuata. Kofi la kwanza likanizibua sikio, la pili likanipasua mdomo. "Malaya wa matairi! Unamtukana marehemu?" Mtoto akalia kama anachinjwa. Mwanaume wangu akamrukia baba mdogo, naye akanyakua stuli na kumpiga nayo kwenye paji la uso. Damu ikaruka hadi kwenye sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mjomba mmoja wa Kizulu akamkaba shemasi ambaye hata neno hakuwa amesema.

Katikati ya vita, sasa vimemwagikia sebuleni, nikamwona mama anakimbia. Nikajua anakuja kuniokoa. Akanipita. Akalikumbatia koti.

Stuli ilipoinuka mara ya pili, nilishatoa makasi ya saluni mfukoni. Nikamwekea baba mdogo shingoni, nikabonyeza hadi ngozi ikabonyea.

"Shusha."

Akashusha.

Kisha nikamgeukia mama. Alilibana koti kifuani. Nikakamata mkono wa kulia wa koti, nikaukata begani, kitambaa kigumu, nyuzi zinalia.

"Unamkata baba yako!"

"Namkata, mama."

Baba mdogo akatema mate: "Laana! Umelaaniwa!"

Nikauweka ule mkono kwenye kiganja cha mwanaume wangu, pale sakafuni alipoangukia. "Shika. Nimetolewa."

Akaushika. Halafu akaukandamiza kwenye paji la uso, maana damu ilikuwa inamwingia machoni.

Mama hunitumia watu: nirudishe mkono, aushone. Aje mwenyewe. Akifika, kwanza ambebe mjukuu wake.